Uhalifu kwa Jicho la Sayansi: Maswali Mnayotuuliza Mara kwa Mara

Podikasti hii tunairekodi Kisumu, kwa Kiswahili, na wasikilizaji wetu wengi wako Nyanza, Magharibi na Nakuru. Maswali yanayotufikia kwenye WhatsApp yanafanana sana, kwa hiyo tumeyakusanya hapa. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili. Mengine hayajibiki hivyo, na tumeyapa nafasi yake.

Kipindi chenu kinahusu nini hasa?

Kinahusu jinsi ukweli wa tukio la uhalifu unavyopatikana, na jinsi unavyopotea. Tunamuuliza daktari wa maiti anajuaje kama mtu alikufa kabla ya kutupwa majini. Tunamuuliza wakili kwa nini shahidi mwenye uhakika kabisa hakuaminiwa. Tunasoma tafiti kuhusu kinachopunguza wizi mitaani na kinachoshindwa. Kila mgeni anakutana na swali lile lile: umejuaje? Asiyeweza kulijibu, hata awe na cheo gani, hapati muda mrefu kwetu.

Mbona hamsimulii kisa kwa utamu, na muziki wa kutisha, kama wengine?

Kwa sababu marehemu ana mama yake, labda yuko Ahero au Mumias, na ana simu. Atasikia. Tunaanza na ushahidi, na maelezo ya jinsi mtu alivyoumia tunayatoa pale tu yanapofundisha jambo.

Kwenye sinema majibu ya DNA yanatoka kabla chai haijapoa. Kwetu inachukua muda gani?

Muda mrefu zaidi, na mara nyingi wiki au miezi. Kenya kuna Mkemia wa Serikali, mwenye maabara Nairobi, Mombasa na hapa Kisumu, na kuna maabara ya uchunguzi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2022. Sampuli inachukuliwa, inafungwa, inaandikwa, inasafirishwa, inapokelewa, inasubiri zamu yake. Kila mkono uliogusa kile kielelezo lazima uonekane kwenye maandishi, la sivyo wakili wa utetezi atasimama na kuuliza ni nani aliyekaa nacho Jumapili nzima. Kesi nyingi huanguka hapo, kwenye karatasi na sahihi, wakati kazi ya maabara yenyewe ilikuwa safi.

DNA si ndiyo inayomfunga mtu moja kwa moja?

Hapana, na historia yake yenyewe inaonyesha hivyo. Alec Jeffreys aligundua njia ya kutambua mtu kwa DNA mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Polisi walimwendea kwa sababu wasichana wawili walikuwa wameuawa katika eneo hilo, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri mauaji ya mmoja wao. Walitaka DNA imfunge na kwa yule mwingine. Majibu yakaja kwamba mwuaji ni mtu mmoja kwa wasichana wote wawili, na kwamba mtu huyo si yule kijana. Alikuwa amekiri jambo asilolifanya. Wakapimwa maelfu ya wanaume wa vijiji vya pale, na mwishowe akakamatwa Colin Pitchfork, ambaye alikuwa amemtuma mwenzake wa kazini kutoa damu kwa jina lake. Alifungwa maisha mwaka 1988.

Ukiona mtu anaiogopa DNA kama silaha ya serikali, mkumbushe kwamba aliyenufaika nayo kwanza katika kesi ile ni mtu asiye na hatia.

Halafu kuna mpaka wake. DNA inaweza kusema jasho au damu hii ni ya nani. Haisemi ilifika pale lini, wala kwa nini. Fundi aliyekutengenezea mlango wiki iliyopita ameacha alama zake kwenye kitasa chako. Wiki hii ukiibiwa, alama zake zitakuwepo bado.

Na alama za vidole? Hizo hazidanganyi.

Kidole hakidanganyi, ila anayekisoma anaweza kukosea. Mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, Machi 2004, na alama moja ikapatikana kwenye mfuko uliokuwa na vilipuzi. Wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakasema ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, Marekani. Zaidi ya mtaalamu mmoja walikubaliana. Akakamatwa. Polisi wa Hispania walikuwa na shaka tangu mwanzo, na baadaye wakampata mwenye alama ile, mtu kutoka Algeria. Mayfield akaachiliwa na serikali ikamwomba radhi.

Watafiti waliochambua kosa hilo waliona kwamba mtaalamu wa pili, akishajua wa kwanza amesema nini, anaangalia kwa macho ya wa kwanza. Kinga yake ni rahisi: wa pili asiambiwe chochote. Tungependa kila maabara nchini ifanye hivyo.

Mimi nilimwona kwa macho yangu. Mtaniambia pia sikuona?

Swali hili linatufikia kwa hasira, na tunaielewa. Mtu ameporwa Kondele au Kaptembwa usiku, anamjua aliyempora, halafu hakimu anamwachilia.

Hatusemi hukuona. Tunasema kumbukumbu hujengwa upya kila unapoisimulia, na kila anayekuuliza anaongeza kitu. Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer walilionyesha hilo mwaka 1974. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa neno zito, kana kwamba magari yalibamizana, walikadiria kilomita kama 65 kwa saa. Walioulizwa kwa neno jepesi, kana kwamba yaligusana tu, walikadiria kama 51. Filamu zilikuwa zile zile. Kwenye jaribio lililofuata waliwauliza wengine, wiki moja baadaye, kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno zito, 16 walisema ndiyo. Hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Sasa fikiria askari anayekuuliza, "Huyo kijana wa jaketi nyekundu alikuja na wangapi?" nawe hujataja jaketi.

Kesi inayotuuma zaidi ni ya Ronald Cotton, North Carolina, Marekani. Mwaka 1984 mwanafunzi wa chuo alibakwa, na wakati wa tukio alijitahidi kuikariri sura ya mhalifu ili aje amtambue. Akamchagua Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambulisho, kisha mahakamani. Hakuwa anadanganya. Kesi iliposikilizwa tena, mwanamume mwingine aliletwa mbele yake, naye akasema hajawahi kumwona. Yule ndiye aliyembaka. DNA ilithibitisha hivyo mwaka 1995, na Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi. Sura ya Cotton ilikuwa imekwisha kukaa mahali pa ile ya kweli, na kila alipoulizwa ilizidi kukaa.

Mahakama zetu zinalijua jambo hili kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1953, kwenye kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambulisho wa shahidi mmoja katika mazingira magumu. Na mwaka 1986, kwenye kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikasema hakimu lazima aulize kuhusu mwangaza: ulikuwa wa aina gani, mkubwa kiasi gani, na mshukiwa alikuwa amesimama wapi ukilinganisha nao. Kwa hiyo ukisikia wakili anakuuliza kama ilikuwa koroboi au taa ya stima, na kama ilikuwa nyuma yake au mbele yake, hakuchezei. Anauliza swali lililowekwa na mahakama.

Cha kufanya, basi: siku hiyo hiyo, kabla hujazungumza na majirani, andika ulichokiona. Urefu, sauti, alishika nini, mwanga ulitoka wapi, mlitazamana muda gani. Kama ulimjua kwa jina, mtaje kwa askari wa kwanza utakayempata na uhakikishe jina limeingia kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Shahidi aliyesema "simjui" kituoni halafu akataja jina miezi mitatu baadaye hana pa kusimama.

Maiti zikitolewa ziwani au Mto Yala, inajulikanaje kama mtu alizama au aliuawa kwanza?

Tangu Januari 2022, habari za miili iliyokuwa ikitolewa Mto Yala ziliposambaa, hili ndilo swali la kwanza kutoka Siaya na Gem.

Kuzama hakuna alama moja inayotosha. Daktari huangalia povu kwenye njia ya hewa, mapafu yaliyojaa na kuvimba, maji na matope yaliyovutwa ndani. Huangalia pia kilicho kinyume: alama za kamba mikononi, mivunjiko, michubuko iliyovuja damu chini ya ngozi, kwa sababu jeraha la mtu aliye hai huvuja damu tofauti na lile la maiti iliyogonga mawe. Kuna pia kipimo cha diatomu, mimea midogo sana ya majini yenye maganda magumu kama kioo. Mtu akivuta maji angali hai, moyo unaweza kuisukuma mimea hiyo hadi kwenye uboho wa mifupa. Akitupwa amekwisha kufa, moyo haufanyi kazi hiyo. Kipimo hiki wataalamu wanakibishania, kwa sababu diatomu zinaweza kuingia kwa njia nyingine, lakini kikiambatana na ushahidi mwingine kinasaidia.

Tatizo ni muda. Maji ya vuguvugu huharibu mwili haraka, na samaki na mawe hufanya yao. Ngozi ya vidole ikibanduka, utambuzi wa alama unakuwa mgumu, na familia inabaki kusubiri DNA.

Anayetaka kuona jinsi uchunguzi wa maiti unavyoweza kubadilisha historia asome kuhusu Robert Ouko, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje. Alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990. Mwili ulikutwa chini ya kilima cha Got Alila, umechomwa, una jeraha la risasi kichwani. Maelezo ya kwanza yalielekea kusema alijiua. Nchi haikukubali. Wakaitwa wapelelezi wa Scotland Yard kutoka Uingereza, wakiongozwa na John Troon, na mwanapatholojia Iain West akaufanyia mwili uchunguzi. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtu huyu alipigwa risasi na kufa, kisha mwili ukachomwa. Sayansi ilifanya sehemu yake. Lakini tume ya Jaji Gicheru ilivunjwa Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi, aliyekuwa DC (mkuu wa wilaya) wa Nakuru alishtakiwa na kuachiliwa huru mwaka 1994, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Daktari aliweza kueleza alivyokufa. Kuwafikisha wahusika mahakamani hakukuwa mikononi mwake.

Wanasema walimfuatilia kwa simu. Simu inaonyesha mahali kamili?

Rekodi za kampuni ya simu zinaonyesha mnara uliobeba simu yako. Mnara huo unaweza kuwa wa kilomita kadhaa kutoka ulipo. Nenda Busia uone: umesimama Kenya, simu inakukaribisha Uganda. Kando ya ziwa ni hivyo hivyo, kwa sababu mawimbi ya redio husafiri vizuri juu ya maji.

Podikasti ya Marekani iitwayo Serial, ya mwaka 2014, iliifanya dunia nzima ilizungumzie jambo hili. Kesi ya Adnan Syed, aliyeshtakiwa kwa mauaji, ilitegemea kwa sehemu rekodi za minara, na karatasi ya kampuni ya simu yenyewe ilikuwa na onyo kwamba simu zinazoingia zisitumiwe kama ushahidi wa kuaminika wa mahali. Onyo lilikuwepo tangu mwanzo, kwenye ukurasa wa juu wa faksi.

Wanangu, mimi ni mzee wa mtaa Nyalenda. Hizi taa za mulika mwizi kweli zinapunguza wizi, au ni siasa tu?

Mzee wetu, zinaweza kupunguza, na kuna utafiti mzuri. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa kwenye baadhi ya mitaa ya nyumba za serikali, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na mingine ikabaki kama ilivyokuwa. Mtafiti Aaron Chalfin na wenzake wakalinganisha. Makosa makubwa ya usiku yanayotendeka nje yalipungua kwa takriban asilimia 36. Bahati nasibu hiyo ndiyo iliyofanya matokeo yaaminike, kwa kuwa hakuna diwani aliyechagua mtaa wake.

Kwetu kuna jambo moja la kuongeza. Mlingoti ukisimamishwa na balbu ikaungua mwaka mzima bila kubadilishwa, hakuna utafiti utakaokusaidia. Kwenye mkutano wa bajeti ya kaunti, uliza juu ya matengenezo kwa nguvu ile ile unayoulizia mlingoti mpya.

Na taa hazimbadilishi kijana. Kuhusu hilo, utafiti unaotupa moyo umetoka Liberia. Christopher Blattman na wenzake walifanya kazi na wanaume 999 wa Monrovia, wengi wao wezi na wauza dawa. Baadhi walipewa wiki nane za mazungumzo ya kujifunza kutawala hasira na kujiona watu wapya, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili, na baadhi hawakupewa chochote. Waliopata vyote viwili, miaka kumi baadaye, wizi na vurugu zao zilikuwa chini kwa karibu nusu. Fedha pekee hazikudumu, na mazungumzo pekee yalififia kadiri muda ulivyopita. Tumewahi kukizungumzia hiki na vijana wa Manyatta, na tutarudi kwao.

Kwa nini kila mara mnapinga wananchi kumaliza mwizi papo hapo?

Kwa sababu tunajali aliyeibiwa na tunajali asiye na hatia. Mnakumbuka Masten Wanjala, aliyekiri kuua watoto kadhaa, akatoroka kituo cha polisi Nairobi na kuuawa na umati Bungoma, Oktoba 2021. Hasira ya wazazi hatuwezi hata kuipima. Lakini pamoja naye yalikwenda majibu: je, kulikuwa na watoto wengine? Kuna aliyemsaidia? Yote aliyosema, angeyasema tena mbele ya hakimu? Kwa sheria yetu, maungamo kwa polisi hayakubaliki mahakamani ila yachukuliwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria, asiye mpelelezi wa kesi, huku mshukiwa akiwa na mtu aliyemchagua. Kijana wa Leicester naye alikuwa amekiri.

Nikikuta tukio, nifanye nini hadi polisi wafike?

Kama kuna aliye hai, msaidie kwanza. Hilo linatangulia ushahidi wote.

Kisha zuia watu. Kwetu umati hufika kabla ya gari la polisi, na kila anayesogea kuchungulia anakanyaga kitu. Tafuta wawili watatu wenye sauti, msimame mbali kidogo, watu wapite upande mmoja tu. Usiokote kisu wala ganda la risasi. Usimwage maji juu ya damu, hata kama watoto wanaangalia. Wapeleke watoto ndani. Mvua ikikaribia na kuna alama ya kiatu, ifunike kwa karai bila kuigusa. Andika saa uliyofika na waliogusa mwili. Picha unazopiga mpe mpelelezi, usizitupe kwenye magrupu, kwa sababu shahidi akishaona picha, hujui tena anachokumbuka ni cha macho yake au cha simu.

Na mtu akibakwa?

Hospitali kwanza, kabla ya kuoga, na ikiwezekana kabla ya kubadilisha nguo. Dawa za kuzuia virusi vya HIV zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa khaki au gazeti, kamwe sio karatasi ya plastiki, kwa sababu unyevu huozesha ushahidi. Matibabu hayasubiri ripoti ya polisi. Mhudumu wa afya hujaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, hutoka kituoni. Nambari 1195 hupigwa bure, usiku na mchana.

Siku zikiwa zimepita, nenda hata hivyo. Mahakama zetu zimeshaamua mara kadhaa kwamba ubakaji unaweza kuthibitishwa bila DNA. Yeyote anayekuambia "umechelewa, hakuna kesi" amekupotosha.

Mnataja majina ya washukiwa?

Kesi ikiwa mahakamani, tunasema yaliyosemwa mbele ya hakimu tu. Angalieni Australia: podikasti ya The Teacher's Pet ya mwaka 2018 ilifufua kesi ya mwanamke aliyepotea mwaka 1982, na mumewe, Chris Dawson, akapatikana na hatia mwaka 2022. Lakini ilibidi vipindi viondolewe hewani huko mwaka 2019, na kesi ikasikilizwa na jaji peke yake bila baraza la raia, yaani wananchi wanaoamua kama mtu ana hatia, kwa sababu watu walikuwa wamesikia mengi mno. Podikasti ilisaidia kesi na ikakaribia kuiharibu.

Nisikilize zipi nyingine?

Kwa Kiingereza, Probable Causation ya Jennifer Doleac hujadili utafiti mmoja kila kipindi, na Reducing Crime ya Jerry Ratcliffe, aliyewahi kuwa polisi London, huwahoji watafiti na maafisa. Just Science ni ya watu wa maabara, nzito kidogo. In the Dark, msimu wa pili, ichukue kwa utaratibu: ni kesi ya Curtis Flowers, aliyeshtakiwa mara sita kwa kosa moja huko Mississippi, na waandishi walipekua rekodi za miaka mingi za uteuzi wa wajumbe wa baraza la raia ili waone kama watu weusi walikuwa wakiondolewa kwa makusudi.

Bando langu ni dogo.

Pakua ukiwa na WiFi. Tunatoa pia toleo lenye faili dogo la sauti, na unaweza kulituma kwa mwenzako kwenye WhatsApp.

Ndugu yangu yuko rumande na naamini hana hatia. Mtaweka kisa chake hewani?

Anza na wakili kabla yetu. Kama hamna uwezo, ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali ina kituo Kisumu, na kwenye kesi ya mauaji mshtakiwa hupewa wakili na mahakama. Mwombe wakili nakala za taarifa za mashahidi na ripoti za maabara. Ni haki ya mshtakiwa kuzipata mapema. Ukizipata, na wakili akikubali, tutumie. Tutazisoma zote, na tutakuambia tunachoona hata kama si kile ulichotarajia kusikia.